Wanatushinda kwa Miili au kwa Raga?

Mwalimu mmoja wa shule ya wavulana ameniandikia hivi:

"Nafundisha raga timu yetu ya chini ya miaka 15. Msimu huu tumepoteza mechi nyingi, karibu zote dhidi ya shule zenye wavulana wenye miili mikubwa, ambao baadhi yao walitafutwa na kupewa ufadhili wa karo. Sisi tuna mmoja tu wa aina hiyo, namba nane wetu (mchezaji wa nguvu anayebeba mpira mbele), na ndiye anayetufungia karibu trai zote (pointi za kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani). Skramuhafu wetu (anayeuchukua mpira miguuni mwa wakubwa na kuugawa) anausoma mchezo kuliko wote, lakini ni mdogo, kila mechi anaangushwa ovyo, na baadhi ya wazazi wananiambia nimtoe. Sasa bodi ya shule inataka na sisi tuanze kusajili kutoka shule nyingine. Nikubali? Na hawa nilio nao niwafundisheje?"

Mwalimu mwenzangu, pole kwa msimu mgumu. Nakupa majibu mafupi kwanza. Usimtoe skramuhafu wako. Usikubali bodi isajili mtoto yeyote kwa ajili ya kuifanya timu ya chini ya miaka 15 ishinde. Shule ikitaka kufadhili watoto wenye vipaji, hilo ni jambo jema na lina taratibu zake, nitazieleza huko mbele. Ila yote nitakayokuambia yanasimama juu ya jambo moja: katika umri wa wavulana wako, matokeo ya mechi yanaonyesha sana nani amebalehe mapema, na yanaonyesha kidogo nani anajua raga. Kocha akishalishika hilo, anabadilisha namna anavyochagua, anavyofundisha na hata anavyosajili.

Mvulana hufikia kilele cha kasi ya kurefuka akiwa na umri wa miaka 14 hivi. Huo ni wastani tu. Yuko anayefika hapo akiwa na miaka 12 na nusu, yuko anayesubiri hadi 16, na wote wawili ni wazima kabisa. Katika kipindi hicho anaweza kuongeza sentimita 9 au 10 kwa mwaka mmoja. Uzito hufuata nyuma ya urefu, na nguvu huchelewa zaidi, mara nyingi miezi sita hadi mwaka baada ya kilele hicho. Ndiyo maana unaweza kuwasimamisha pamoja wavulana wawili waliozaliwa mwezi mmoja, huyu ana ndevu na mapaja ya mtu mzima, huyu sauti yake bado ya kitoto, na miili yao ikawa imepishana kwa miaka minne au zaidi. Wakigongana kifua kwa kifua, ufundi wa huyu mdogo hauwezi kuifuta tofauti hiyo.

Ongeza na tarehe za kuzaliwa. Umri ukihesabiwa kuanzia Januari, mtoto wa Januari amemtangulia mtoto wa Desemba kwa karibu mwaka mzima wa kukua, na wote wanaitwa chini ya miaka 15. Katika timu teule za vijana, kwenye raga na kwenye soka pia, waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka wa uteuzi hujaa kupita kiasi. Halafu linatokea jambo la kufikirisha. Tafiti zilizofanywa katika akademia za raga za Uingereza zimeonyesha kwamba wale wachache wa miezi ya mwisho walioweza kupenya na kubaki ndani, uwezekano wao wa kufika raga ya kulipwa huwa mkubwa kuliko wa wenzao wa miezi ya mwanzo. Mimi naamini sababu iko wazi. Walilazimika kujifunza kukwepa, kutazama nafasi, na kuachia mpira mapema kidogo, kwa kuwa kugongana hakukuwahi kuwafaa.

Afrika Kusini, ambako raga ya shule imepangwa kwa kina kuliko karibu nchi nyingine yoyote, kuna mashindano yaitwayo Craven Week, yaliyoanza mwaka 1964 kwa timu teule za shule za mikoa. Baadaye yakaongezwa ya rika za chini. Watafiti waliwafuatilia wavulana waliocheza mashindano ya chini ya miaka 13 mwaka 2005, wakitaka kujua wangapi wangeonekana tena kwenye timu za mikoa walipokua. Kufikia rika la chini ya miaka 16, waliochaguliwa hawakufika theluthi moja. Kufikia chini ya miaka 18 walibaki karibu robo. Fikiria maana yake, Mwalimu: hao walikuwa vipenzi vya makocha wa nchi nzima, wameteuliwa na watu wanaoijua kazi, na watatu kati ya kila wanne hawakuonekana tena kwenye kilele cha raga ya shule. Nafasi zao zilichukuliwa na wavulana ambao wakiwa na miaka 13 hakuna aliyewaita.

Hii haina maana kwamba mtoto mkubwa hana kipaji. Ina maana kwamba ukubwa wake unakizuia kipaji chake kisionekane, na hapo ndipo ninapomwonea huruma namba nane wako kuliko unavyodhani. Kwa sasa anapewa mpira, anainamisha kichwa, anawapita watatu, anaweka trai, kila mtu anashangilia. Hana sababu ya kujifunza pasi ya mkono wa kushoto. Hana sababu ya kutazama upande. Miaka miwili mbele wenzake watakuwa wamemfikia kwa urefu na uzito, zile mbio za kichwa chini zitakutana na bega lililo sawa na lake, na atakuwa mchezaji wa miaka 17 mwenye ufundi wa mtoto wa miaka 12. Wengi huacha raga hapo, wakiamini kwamba kipaji kimewatoka. Hakikuwatoka. Hawakufundishwa kwa sababu walikuwa wakitushindia mechi.

Kwa hiyo kwake yeye, weka masharti mazoezini. Katika michezo midogo, trai yake ihesabike tu kama aligusa mpira mara mbili katika shambulio hilo, yaani awe ametoa pasi na akarudi kuupokea. Siku nyingine mpange senta, katikati ya wale wanaokimbia na kupasiana. Siku nyingine acheze ndani ya kundi la wavulana wa darasa la juu ambao hawezi kuwaburuta. Mweleze sababu, tena mbele ya mzazi wake, asije akadhani ni adhabu. Na usimfunge kwenye namba. Tendai Mtawarira alipokuwa shuleni Peterhouse, Zimbabwe, alikuwa fowadi wa safu ya nyuma ya skramu, lile kundi la mafowadi wanane wanaosukumana na wanane wa wapinzani. Alihamishiwa upropu, yaani safu ya mbele, akiwa tayari amejiunga na timu ya Sharks ya Durban, na mwaka 2019 alitwaa Kombe la Dunia akiwa mmoja wa mapropu wanaoheshimika zaidi duniani. Mwili wa miaka 14 haukuambii namba ya miaka 24.

Sasa huyo skramuhafu. Cheslin Kolbe ana urefu wa mita 1.7 na kidogo tu. Kwa miaka mingi aliambiwa kwamba mwili wake hautoshi raga ya kimataifa. Akahamia klabu ya Toulouse, Ufaransa, mwaka 2017, na mwaka 2019 akafunga trai ya mwisho katika fainali ya Kombe la Dunia. Kabla yake alikuwepo Shane Williams wa Wales, mwenye urefu uleule, naye aliambiwa maneno yaleyale akiwa kijana. Aliifungia nchi yake trai 58 na mwaka 2008 akatangazwa mchezaji bora wa dunia. Sitaji majina haya kukuahidi kwamba kijana wako atafika huko. Nayataja kwa sababu kila mmoja wao alihitaji kocha fulani, mahali fulani, ambaye hakumtoa.

Kutomtoa hakutoshi lakini. Ukimwacha apondwe kila Jumamosi utampoteza kwa njia nyingine: ataumia, au ataanza kuogopa, na hofu ya kugongana ikishamwingia mtoto huchukua muda mrefu kutoka. Nitakuambia ninavyofanya mimi. Mazoezi yote ya kugusana nayapanga kwa ukubwa wa mwili, bila kujali darasa wala namba ya mchezaji. Wadogo na wadogo, wakubwa na wakubwa. Mazoezi ya pasi, mbio na maamuzi nawachanganya wote. Soka ya Uingereza imefanya majaribio ya aina hii katika akademia zake, vijana wakipangwa kwa kiwango cha kukomaa kwa mwili, na jambo lililowavutia makocha ni kwamba pande zote mbili zilifaidika: waliochelewa kukua walipata nafasi ya kuongoza, waliowahi walilazimika kutumia akili. New Zealand nayo, ambako raga ni maisha, imezoea mashindano ya uzito maalumu, na tangu 2020 ina kombe la taifa la vilabu kwa wachezaji wa chini ya kilo 85. Kama waratibu wa ligi yenu wanasikiliza, wapelekee pendekezo la mechi mbili tatu za aina hiyo kwa msimu. Wazo la kupanga watoto kwa uzito halina ajabu yoyote, mabondia wamelifuata miaka yote.

Halafu mfundishe mambo ambayo mwili wake wa sasa unayaweza na ambayo yatamfaa hata akifika futi sita. Pasi kutoka ardhini kwa mikono yote miwili, bila kupiga hatua ya kurudi nyuma kwanza. Kufika kwenye raki (wachezaji wanaposukumana juu ya mpira ulio chini) kabla mpira haujatoka, huku ameshatazama kulia na kushoto. Kuwaelekeza mafowadi kwa sauti. Watoto wadogo wengi hawapigi kelele uwanjani kwa sababu wanawaogopa wakubwa wao, kwa hiyo mpe mamlaka hadharani: waambie mafowadi kwamba neno lake kwenye raki ni neno lako. Kwenye ulinzi, kwa msimu huu msogeze asisimame pembeni mwa skramu mahali ambapo namba nane wa wapinzani huondokea. Acheze nyuma, afagie mipira ya mateke. Huko kunamfundisha kuusoma uwanja wote.

Nunua utepe wa kupimia. Kila baada ya miezi mitatu wapime wavulana wote urefu wakiwa wamesimama bila viatu, urefu wakiwa wameketi juu ya benchi, na uzito. Pima saa zilezile za siku, andika kwenye daftari, na usiyaseme matokeo mbele ya wengine. Ukimwona mtoto aliyekuwa akiongeza sentimita moja kwa kipimo ghafla ameongeza tatu, jua kasi imeanza. Miguu hutangulia, kiwiliwili hufuata, na kwa miezi kadhaa mwili wake unakuwa mgeni kwake. Niliwahi kuwa na flaihafu, yule anayepokea mpira kutoka kwa skramuhafu, aliyepiga teke safi kupita wote shuleni. Muhula mmoja mateke yakaanza kwenda kombo, akawa anaupiga mpira kwa kifundo, anajikwaa hata akikimbia peke yake. Wenzake walimcheka, baba yake akasema amelewa sifa. Daftari likasema ameongeza karibu sentimita tatu katika miezi mitatu. Tulimpunguzia mateke, tukampunguzia mbio za kurukaruka, tukamwacha acheze, na teke likarudi lenyewe. Katika kipindi hichohicho angalia maumivu chini ya goti, pale kano ya paja inapojishika kwenye mfupa wa ugoko, na maumivu ya kisigino. Hayo ni maumivu ya mifupa inayokua, na dawa yake ya kwanza ni kupunguza kazi. Kumwambia mtoto avumilie kiume ni kumharibu.

Kuhusu mazoezi yenyewe, nitasema jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi ya makocha wenzetu. Mazoezi mengi ya shule ninayoyaona ni foleni. Wavulana ishirini wamepanga mstari, mmoja anakimbia na kupiga pasi, kumi na tisa wanatazama. Mtoto anaondoka uwanjani ameushika mpira mara chache mno, na hajafanya uamuzi hata mmoja, kwa sababu kocha ndiye aliyeamua pasi iende wapi. Tangu mwaka 1982, David Bunker na Rod Thorpe wa chuo kikuu cha Loughborough, Uingereza, waliposisitiza kwamba michezo ifundishwe kwa kuchezwa, walimu wa michezo mbalimbali wamethibitisha hilo viwanjani mwao. Raga ni mchezo wa kutambua nafasi iko wapi, na nafasi huijui bila mpinzani anayesogea.

Jaribu hili wiki ijayo. Pima eneo la mita 15 kwa 20. Washambuliaji wanne upande mmoja na mpira. Walinzi watatu walale kifudifudi kwenye mstari wa upande wa pili. Ukipiga filimbi, walinzi wanaamka na washambuliaji wanaanza kukimbia. Kukaba, yaani kumzuia mwenye mpira, kuwe kwa kugusa tu kwa mikono miwili, bila kumwangusha. Mwanzoni wavulana wako wote watakimbia mbele wakitazama mpira. Simamisha mara moja, uliza swali moja: nani kati ya walinzi amechelewa kuamka? Usiwape jibu, anzisha tena. Baada ya marudio machache utaona macho yanainuka kutoka kwenye mpira, na yule mwenye mpira ataanza kuwakimbilia walinzi wawili walioamka mapema ili awavute, kisha auachie kwa mwenzake aliye mbele ya yule wa tatu. Hapo wamejifunza kuvuta ulinzi na kupiga pasi bila wewe kutaja jina la mbinu yoyote. Kisha badilisha: mlinzi mmoja aanzie nyuma ya wenzake, au eneo lipungue upana. Skramuhafu wako atang'ara hapo, na wenzake watamwona aking'ara, jambo ambalo lina thamani kubwa kwake.

Kukaba ndiko usikokufanyia mchezo hata kidogo. Majeraha mengi zaidi ya raga ya shule hutokea hapo, kwa anayekaba na kwa anayekabwa. Anza wote wawili wakiwa wamepiga magoti, kisha anayekaba kwa magoti na mwenzake anatembea, kisha wote wanatembea, kisha mbio za taratibu. Mguu wa mbele uingie karibu na mwenye mpira, bega la upande uleule wa mguu huo ndilo ligonge, kidevu kiwe juu, macho wazi, na kichwa kibaki upande wa makalio au nyuma yake. Kichwa kikipita mbele ya magoti au nyonga ya anayekimbia, simamisha kila kitu na urudi hatua moja. Fundisha bega la kushoto muda sawa na la kulia, kwani watoto wengi hukaba vizuri upande mmoja na kujiumiza upande wa pili. Na fundisha kukaba chini. Ufaransa, baada ya vifo vya wachezaji vijana mwaka 2018, ilishusha kimo cha kukaba hadi kiunoni katika raga ya ridhaa, na mwaka 2023 raga ya ridhaa ya Uingereza ikashusha hadi chini ya mfupa wa kifua. Mtoto aliyezoea kukaba kifuani atapata shida popote atakapokwenda kucheza.

Kabla ya hayo yote, kupasha misuli moto. World Rugby, shirikisho la raga la dunia, inatoa bure programu yake ya Activate, dakika kama ishirini za mazoezi ya usawa wa mwili, kuruka na kutua, kukimbia kwa kubadili mwelekeo na kuimarisha shingo. Ilijaribiwa katika shule 40 za Uingereza kwa wavulana wa miaka 14 hadi 18, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017: timu zilizoifanya angalau mara tatu kwa wiki zilipunguza majeraha ya mechi kwa asilimia 72 na mtikisiko wa ubongo kwa asilimia 59. Sijui kifaa chochote cha kununua kinachokaribia hapo. Sharti ni hizo mara tatu.

Nao mtikisiko wa ubongo, Mwalimu, hauna mjadala. Ukishuku tu kwamba mtoto amepata, anatoka, harudi siku hiyo, hata akilia, hata ikiwa fainali. Mwaka 2011 mvulana wa miaka 14 huko Ireland ya Kaskazini alifariki baada ya kuendelea kucheza mechi ya shule akiwa tayari ameumia kichwani, akagongwa tena. Uingereza mchezaji wa ridhaa harudi kwenye mechi kabla ya siku 21, tena kwa hatua. Uwe na mtu mmoja pembeni ya uwanja ambaye kazi yake ni hiyo pekee na ambaye neno lake wewe kocha huwezi kulitengua. Wewe utakuwa unatazama mpira.

Skramu nitaigusia kidogo tu. Sheria za kimataifa za vijana wa chini ya miaka 19 haziruhusu skramu kusukumwa zaidi ya mita 1.5, na timu isiyokuwa na safu ya mbele iliyofundishwa hucheza skramu zisizosukumana. Usione haya kuiomba. Kumtupa mtoto kwenye safu ya mbele kwa kuwa ni mnene na propu wako anaumwa ni hatari ambayo hakuna ushindi unaoilipa.

Vyuma vya jimu vinaruhusiwa kwa umri huu kama kuna msimamizi anayejua, uzito ni mdogo, na umbo la mnyanyuo ni sahihi. Anzia na uzito wa mwili wake mwenyewe. Unga na vidonge vya kujenga misuli viwekee marufuku ya wazi na uwaandikie wazazi. Vijana wa raga ya shule wamewahi kupatikana na dawa zilizopigwa marufuku, hata kwenye Craven Week niliyoitaja, na mara nyingi mlango wa kwanza huwa kopo la unga ambalo mtu mzima fulani alimpa kwa nia njema. Mtoto anayeambiwa kila siku kwamba ni mdogo ndiye anayeshawishika upesi. Mlinde skramuhafu wako na hilo pia.

Sasa usajili. Sipingi ufadhili. Siya Kolisi alizaliwa mwaka 1991 katika mtaa wa Zwide, Port Elizabeth, katika umaskini mkubwa. Akiwa na miaka 12 alionekana kwenye mashindano ya watoto, akapewa nafasi na ufadhili Grey, shule yenye uwezo. Akaja kuwa nahodha wa Afrika Kusini iliyotwaa Kombe la Dunia 2019 na 2023. Ufadhili ule ulimpa chakula cha uhakika, masomo na malezi ya uwanjani. Mtu akiniambia usajili wa shule ni uovu mtupu, namtajia huyo.

Lakini tazama upande wa pili. Mwishoni mwa 2018, huko Auckland, shule kumi zilitangaza kwamba msimu unaofuata hazitacheza na shule mwenzao moja, zikilalamika kwamba inachukua wachezaji waliokwisha kulelewa na shule nyingine. Hii ilitokea New Zealand, kwenye ligi ya wavulana. Usajili wa aina hiyo haukuzi mchezaji hata mmoja. Mtoto aliyekuwa akicheza vizuri kule anacheza vizuri huku, shule ya kwanza inavunjika moyo wa kufundisha, na yule mwanafunzi wako aliyekuwa ameisubiri namba hiyo tangu darasa la kwanza anakaa benchi halafu anaacha. Huyo wa benchi hakuna anayemhesabu. Muulize mwenyekiti wa bodi kama yuko tayari kwenda kuongea na mzazi wake.

Kwa hiyo bodi ikishikilia, wape masharti haya, na uyasimamie kwa maandishi. Ufadhili uwe wa mwanafunzi hadi amalize mtihani wake wa mwisho, akiumia goti wiki ya kwanza au akiamua kuacha raga mwaka wa pili. Ufadhili unaokatika na kano ya goti ni biashara ya miili ya watoto, na sioni namna ya kuupaka rangi nzuri. Mtoto aingie mwanzoni mwa ngazi ya shule, asihamishwe katikati. Asirudishwe darasa ili apate mwaka wa ziada wa kucheza. Mazungumzo yaanze na mzazi na kocha wake wa sasa, wote wawili wakijua, bila wasaka vipaji kumnong'oneza mtoto pembeni ya uwanja. Na swali la kwanza kwa mtoto mwenyewe liwe: kule ulipo, unakosa nini? Kama hakosi masomo, hakosi mlezi, hakosi kocha, mwache alipo.

Kuna usajili mwingine ambao bodi haijaufikiria, nao ndio ningeuanza kesho asubuhi: shule yako mwenyewe. Nenda kwenye mpira wa kikapu, utazame anayeruka na kudaka juu ya wenzake, huyo ni loki (fowadi mrefu anayeruka kudaka) au fulubeki (mlinzi wa mwisho nyuma). Nenda kwenye judo au mieleka, mtoto anayejua kushusha nyonga zake chini ya za mwenzake ameshajua nusu ya kukaba na nusu ya raki. Mkimbiaji wa mita 400 ana pumzi ya flenka, fowadi wa pembeni mwa skramu. Waite tena wale uliowakata mwaka juzi wakiwa na miaka 13, uwapime urefu upya. Nina hakika utakuta kati yao mvulana uliyempita korido kila siku bila kumtambua, kwa jinsi alivyobadilika. Na usikate mtu kabla ya miaka 16. Kama wamejitokeza wengi, unda timu ya pili na ya tatu, tafuta hata mechi za dakika kumi kumi dhidi ya jirani. Kocha wa timu ya tatu awe mtu makini, kwa sababu huko ndiko wanakosubiri waliochelewa kukua.

Bodi itataka namba, na ni haki yao. Wape tofauti na za ubao wa matokeo: wavulana wangapi walianza raga mwaka wa kwanza na wangapi bado wanacheza mwaka wa mwisho, kila mmoja amecheza dakika ngapi msimu huu, majeraha mangapi yaliyomweka mtu nje zaidi ya wiki, wangapi kati ya timu ya kwanza ya miaka 18 waliwahi kuwa timu ya pili wakiwa na miaka 14. Waombe wakuhukumu kwa timu ya chini ya miaka 18, baada ya miaka mitatu. Wakikataa kusubiri miaka mitatu, angalau utakuwa umejua mapema unafanya kazi na watu gani.

Kuhusu wale wazazi wanaotaka skramuhafu atolewe, usijibizane nao kwenye mstari wa pembeni. Waite mazoezini siku ya mchezo wa wanne kwa watatu, wasimame karibu, wamtazame nani anayewaambia wenzake nafasi iko wapi. Mzazi wake yeye mwenyewe mwite kando, umwonyeshe daftari la vipimo, na umuulize yeye na mwenzake walikua lini. Baba akikuambia alirefuka akiwa tayari amemaliza shule, basi una subira ndefu mbele yako. Ukishapata vipimo vya muhula wa kwanza, niandikie tena tuvisome pamoja kabla hujapanga timu ya msimu ujao.